RAJAT NEOGY, MHARIRI WA KAMPALA ALIYEILIPIA KALAMU YAKE

Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda wamepewa siku 90 kuihama nchi. Wenye pasi za Uingereza wengi waliondoka kwa ndege. Waliokuwa wakielekea Bara Hindi walipanda gari la moshi Kampala, na watoto wao na masanduku yao, wakaja Mombasa kutafuta meli. Gari hilo lilivuka mpaka Malaba, likapita Bungoma na Webuye, likaipita njiapanda ya Leseru ilikochepukia reli ya Kitale, likapanda nyanda za juu hadi Nairobi, kisha likateremka pwani. Wako wazee wa Mombasa wanaokumbuka nyuso za watu wale walipokuwa wakishuka stesheni.

Lakini Mhindi mmoja wa Kampala, ambaye jina lake lilikuwa limevuka mipaka kuliko majina ya matajiri wote wa mji ule, hakuwamo katika magari hayo. Yeye alikuwa amekwisha kuonja gereza na kwenda zake, miaka kadhaa kabla ya jirani zake kufukuzwa. Hakuwa mwenye duka, wala mwenye kiwanda, wala mwenye shamba la miwa. Alikuwa mhariri. Huyo ndiye marehemu Rajat Neogy, mwanzilishi wa jarida la Transition, na leo tunasimulia maisha yake.

KIJANA WA KAMPALA

Rajat Neogy alizaliwa Kampala mwezi wa Desemba mwaka 1938, katika ukoo wa Kibengali. Alikulia katika mji huo, akaenda kusoma London kama walivyofanya vijana wengi wa wakati wake waliojaliwa nafasi. Aliporejea mwaka 1961 alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Alikuta nchi imo katika harakati. Tanganyika ilikuwa inangojea uhuru wake wa mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Uganda ikafuata mwezi wa Oktoba mwaka 1962, na Kenya mwezi wa Desemba mwaka 1963. Kila mtu alikuwa akizungumza, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya kesho.

Neogy aliona kwamba mazungumzo hayo hayana baraza. Magazeti ya kila siku yalikuwa na habari, vyama vilikuwa na majukwaa, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na madarasa. Lakini hapakuwa na mahali ambapo mshairi, mchoraji, mwanasheria na mwanasiasa wangeweza kukaa mkeka mmoja wakabishana bila ya mmoja wao kuwa mwenye nyumba. Basi mwezi wa Novemba mwaka 1961 akatoa toleo la kwanza la jarida lake. Jina alilolichagua lina maana ya mpito, yaani kuvuka kutoka hali moja kuingia hali nyingine. Halikuwa jarida la chama, wala la dini, wala la chuo, wala la serikali.

NJIA YA MISAFARA, NJIA YA RELI

Huenda msomaji wa pwani akauliza: haya ya Kampala yanatuhusu nini sisi? Jibu liko njiani, baina ya Kitale na Bungoma.

Kabla ya reli, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa ikipumzika kwa Nabongo Mumia, si mbali na ulipo mji wa Bungoma leo, kabla ya kuendelea hadi Uganda. Kwa njia hiyo Kiswahili kiliingia magharibi ya Kenya, na Uislamu ukaingia pamoja nacho. Baadaye reli ilifuata mwelekeo wa magharibi. Tawi la Kitale lilifika mwaka 1926 kwa ajili ya mashamba ya mahindi ya walowezi, na njia kuu kupitia Bungoma ikaunganishwa na Kampala mwaka 1931. Mlima Elgon umesimama katikati, Bungoma na Kitale upande huu, Mbale upande ule, na Wabukusu wa huku na Wamasaba wa kule wanahesabiana ni ndugu.

Neogy alilianzisha jarida lake wakati ambapo mpaka huo ulikuwa mwepesi. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na reli moja, posta moja, na mpaka mwaka 1966 zilitumia shilingi moja. Mtu aliyepiga chapa kitabu Kampala alikitia katika mfuko wa posta, nao ukapita Tororo, Malaba na Bungoma hadi Nairobi na Mombasa bila ya kubadilisha reli. Jarida la Neogy lilikuwa mtoto wa Afrika Mashariki hiyo iliyounganika. Tutaona kwamba Afrika Mashariki hiyo ilipoanza kuchanika, nalo lilichanika.

JARIDA LENYEWE

Lilikuwa jarida la namna gani? Kwanza, lilikuwa zuri kwa macho. Majalada yake yalichorwa kwa ujasiri, na ndani yake picha na michoro havikuwekwa kuziba nafasi tupu tu. Vilikuwa na kauli yao wenyewe kama makala. Mashairi yalikuwa ya mtindo mpya, ambayo mshairi wetu wa pwani, aliyezoea vina na mizani, angetazama mara mbili kabla ya kuyaita mashairi. Hadithi zilijaribu njia ambazo wachapishaji wa vitabu vya shule wasingethubutu kuzigusa.

Pili, waandishi wake walikuwa vijana ambao baadaye dunia iliwajua. Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria waliandika humo. Christopher Okigbo, mshairi aliyeuawa katika vita vya Biafra mwaka 1967, alitoa humo mashairi yake. Aliandika humo Nadine Gordimer wa Afrika Kusini, na pia Paul Theroux, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Makerere, ambaye mwaka 1967 aliwafananisha wazungu wenzake waliokuja Afrika na Tarzan wa sinema, wakaudhika mno.

Tatu, na hili ndilo lililolipa jarida uhai, kurasa za barua zilikuwa moto. Mtu akiandika makala toleo hili, toleo lijalo alikuta amejibiwa na watu kumi, kutoka Lagos, London na Dar es Salaam. Neogy hakumlinda mwandishi yeyote na majibu. Hata aliyemtukana mhariri mwenyewe alipewa nafasi. Kufikia mwisho wa miaka ya 60 jarida lilikuwa likitoa nakala zinazokisiwa kuwa 12,000, idadi kubwa kwa jarida la fikra lililopigwa chapa katika mji mdogo kama Kampala ya wakati ule.

MWANA WA MOMBASA

Katika baraza hilo la Kampala, mmoja wa wasemaji wakuu alikuwa mtoto wetu wa Mombasa, Ali Mazrui. Alijiunga na Makerere mwaka 1963, na muda si muda jina lake likawa halikosekani katika jarida la Neogy.

Kwa wasomaji wa pwani, kuna jambo hapa la kulitafakari. Baba yake Ali, marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947, ndiye aliyetoa Mombasa kijarida cha Sahifa mwaka 1930 na kile cha al-Islah mwaka 1932. Sheikh aliwasemesha Waislamu wa pwani kwa lugha yao, akawakemea kwa uvivu, kwa ujinga na kwa kuiga wasiyoyajua, wala hakumwomba mtu ruhusa ya kusema. Kwa hiyo mwanawe alipoingia katika jarida la Mhindi wa Kampala, hakuingia mahali pageni kwake. Alikuwa ametoka katika nyumba iliyojua maana ya karatasi ndogo yenye kauli kubwa.

Mwaka 1966, baada ya Kwame Nkrumah kupinduliwa Ghana, Mazrui aliandika makala iliyozua kishindo. Alisema kwamba Nkrumah alitaka kuwa Lenin wa Afrika, lakini palepale alijifanya mfalme kama wale wafalme wa Urusi ambao Lenin alipigana nao. Wapenzi wa Nkrumah walikasirika, barua zikamiminika. Mwaka uliofuata Mazrui aliwageukia wasomi wa ng'ambo waliompenda Mwalimu Nyerere kwa mapenzi yasiyouliza swali, akauita ugonjwa. Neogy aliyatoa yote, na majibu yake yote akayatoa vile vile.

SWALI LA LUGHA

Liko lakini jambo ambalo sisi wa lugha ya Kiswahili hatuwezi kulipita kimya.

Mwezi wa Juni mwaka 1962 ulifanyika Makerere mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika, naye Neogy alikuwapo. Walikuja Achebe, Soyinka, Okigbo na Ezekiel Mphahlele, na mwanafunzi mmoja wa chuo hapo aliyeitwa James Ngugi, ndiye baadaye Ngugi wa Thiong'o aliyefariki mwaka 2025. Sharti la kuingia lilikuwa ni kuandika kwa Kiingereza. Mwezi ule ule wa Juni, Shaaban Robert wa Tanga, bingwa wa fasihi ya Kiswahili, alikuwa katika siku zake za mwisho; akafariki kabla mwezi haujaisha. Mtu aliyekwisha kuandika mashairi, tenzi, insha na riwaya zinazosomwa mpaka leo hakuwa na kiti katika mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Afrika Mashariki, kwa kuwa aliandika kwa lugha ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika jarida la Neogy kwamba njia hiyo haina mwisho mwema: fasihi ya Afrika ikiandikwa kwa lugha za wakoloni itafika ukutani. Makala hiyo ilikuwa kama jiwe katika mzinga wa nyuki. Achebe alijibu humo humo mwaka 1965, akitetea haki ya mwandishi kukitumia Kiingereza na kukilazimisha kibebe mzigo wa Kiafrika. Ngugi, baada ya miaka mingi, aliuchukua upande wa Obi Wali.

Jarida lenyewe lilibaki la Kiingereza. Huo ulikuwa upungufu wake, na ni haki kuutaja. Mwalimu wa shule ya Bungoma aliyesoma Makerere aliweza kulisoma. Fundi wa reli wa stesheni hiyo hiyo, aliyezungumza Kiswahili kutwa, hakuweza. Hata hivyo, ni haki pia kusema kwamba shitaka kali kabisa juu ya upungufu huo lilitolewa katika kurasa za jarida lenyewe, na mhariri hakulificha.

FEDHA ZENYE DOA

Jarida haliendeshwi kwa maneno matupu. Karatasi hununuliwa, mpiga chapa hulipwa. Neogy alianza kwa fedha chache, na baada ya muda mfupi akapata msaada wa chama kimoja cha Paris kilichojiita Kongamano la Uhuru wa Utamaduni. Chama hicho kilisaidia vile vile jarida la Black Orpheus la Nigeria, na kituo cha Chemchemi alichokianzisha Mphahlele Nairobi mwaka 1963, na ule mkutano wa Makerere wenyewe.

Mwaka 1966 na 1967 ikafichuka katika magazeti ya Marekani kwamba fedha za Kongamano hilo zilikuwa zikitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Dunia ya waandishi ilitikisika. Neogy alishikilia kwamba hakujua zilikotoka fedha hizo, na kwamba hakuna aliyepata kumwambia achapishe hili au alifute lile. Mtu akiyasoma matoleo ya wakati huo, na ukali wake juu ya Marekani, ataona kwamba maneno hayo yana uzito. Lakini doa likishaingia katika kanzu nyeupe halitoki kwa kuapa. Maadui wa jarida sasa walikuwa na neno la kusema kila walipotaka kulinyamazisha: kwamba ni la mgeni, na linalipwa na wageni.

BARUA YA MAYANJA

Siku zenyewe zilikuwa mbaya. Mwezi wa Mei mwaka 1966 Rais Milton Obote alituma jeshi kuivamia kasri ya Kabaka, na Kabaka akakimbilia Uingereza. Buganda ikawekwa chini ya sheria ya hali ya hatari, iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Mwaka 1967 ikatoka katiba mpya iliyompa Rais mamlaka makubwa.

Katika kuijadili katiba hiyo, mmoja wa waliosema wazi alikuwa Abubakar Mayanja, Mwislamu wa Buganda, mwanasheria na mbunge, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha kwanza cha kupigania uhuru wa Uganda mwaka 1952. Neogy alimpa nafasi katika jarida, na akawapa nafasi watetezi wa serikali pia wamjibu. Mwaka 1968 barua moja ya Mayanja iligusa mahakama. Aliuliza kwa nini Waafrika hawateuliwi kuwa majaji wa Mahakama Kuu, akataja uvumi uliokuwa ukisemwa kwamba sababu ni ukabila.

Serikali haikuvumilia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968 Mayanja na Neogy walitiwa mbaroni, wakashtakiwa kwa uchochezi. Mwandishi wa barua na mhariri aliyeichapisha, Mwislamu wa Kiganda na Mhindi wa Kibengali, wakasimama kizimbani pamoja.

Mwanzoni mwa Februari mwaka 1969 mahakama iliwaachilia, ikaona hawana hatia. Furaha yao haikufika mlangoni. Walikamatwa tena hapo hapo chini ya sheria ya hali ya hatari, ile isiyohitaji shitaka wala ushahidi. Neogy aliachiliwa mwezi wa Machi mwaka 1969, Mayanja akakaa kizuizini muda mrefu zaidi. Msema kweli hana wajoli, walinena wahenga, na Kampala ya mwaka huo ilionyesha kwamba methali hiyo haina kabila.

Waliomjua Neogy walisema kwamba mtu aliyetoka gerezani hakuwa yule aliyeingia. Alikuwa na umri wa miaka 30, lakini ule wepesi wa kijana aliyethubutu kila kitu ulikuwa umemtoka. Kampala, mji aliozaliwa, haikuwa tena mji wake wa kuishi.

GHANA, NIGERIA, MAREKANI

Mwaka 1971 Neogy alilifufua jarida Accra, Ghana. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Amin alikuwa amempindua Obote, na barabara ya kurudi nyumbani ikazidi kuziba. Baada ya matoleo kadhaa Neogy alimkabidhi uhariri Wole Soyinka. Soyinka alilitumia jarida kumshambulia Amin bila ya huruma, wakati ambapo serikali nyingi za Afrika zilikuwa zimenyamaza. Akalipa pia jina jipya, Ch'indaba. Lakini fedha zilikuwa haba, na mwaka 1976 jarida likasita.

Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Reli moja ikawa reli tatu. Mfuko wa posta uliokuwa ukipita Bungoma kama unapita uani kwake ukawa sasa unavuka nchi za watu.

Neogy alihamia Marekani, akaishi San Francisco, mbali na mlima Elgon na mbali na Ziwa. Hakupata tena baraza la namna ile aliyoijenga akiwa kijana. Jarida lenyewe lilifufuliwa mwaka 1991 na Profesa Henry Louis Gates, likahamia baadaye Chuo Kikuu cha Harvard, ambako limeendelea kutolewa. Kwa hiyo Neogy alijaliwa kuona kazi yake imefufuka kabla hajaiaga dunia. Alifariki San Francisco mwezi wa Desemba mwaka 1995, hajatimiza miaka 57.

Mazrui, rafiki wa baraza lile, aliondoka Uganda ya Amin naye akaenda kufundisha Marekani. Yeye alifariki mwaka 2014, na maiti yake ikarudishwa Mombasa, akazikwa na wazee wake karibu na Ngome. Mmoja alirudi kwao, mwingine hakurudi.

KILICHOHIFADHIWA

Kitale iko nyumba moja inayofaa kutajwa hapa. Mlowezi mmoja wa Kiingereza, Kanali Stoneham, alikusanya kwa miaka mingi vipepeo, ndege na vitabu, akafungua jumba lake mwenyewe la makumbusho mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyo wake, na mwaka 1974 Kitale ikapata jumba la makumbusho la taifa. Watoto wa shule wa Kitale na Bungoma wamekuwa wakipelekwa hapo kuona yaliyokusanywa na mtu mmoja.

Rajat Neogy naye alikusanya. Alikusanya sauti za watu waliokuwa hai, na sauti haitulii katika kabati la vioo. Kipepeo haandiki barua kumlaumu Rais. Kwa hiyo mkusanyo wa mmoja ulipokelewa na serikali kwa shukrani, na wa mwingine ulimtia gerezani, ukapata hifadhi ng'ambo ya bahari. Leo kijana wa Bungoma anayetaka kujua walibishana nini wakubwa wa babu yake, hana budi kuyatafuta katika jarida linalotunzwa Marekani, ingawa lilizaliwa mwendo wa siku moja tu kutoka kwao.

Sisi wa pwani tusimcheke. Tujiulize ziko wapi nakala za Sahifa na al-Islah, na ni nyumba ngapi za Mombasa, Lamu na Malindi ambamo karatasi za namna hiyo zimeliwa na mchwa darini. Mwenye nazo na azitoe sandukuni, azikung'ute vumbi, awaonyeshe watoto. Neogy alipata kufungwa kwa ajili ya karatasi. Sisi twatakiwa tuzitunze tu.